Kiti cha Karibu na Mlango

Siku moja pale chuoni Kasapa naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo unasema asante. Usicheke nikikuita mwanangu. Mvi bado, lakini aliyetangulia njiani ndiye anayejua mashimo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa historia. Kila Ijumaa tulikaa duara, wanafunzi na walimu. Mmoja anasoma alichoandika, wengine wanamuuliza. Siku hiyo alisoma Kalenga, wa mwaka wa mwisho, habari za familia za wafanyakazi wa reli kule Sakania. Kifaransa chake kilitiririka, acha tu. Aliposema wajane wa reli waliishi kwa huzuni maisha yao yote, nikanyoosha mkono, nikauliza kwa Kiswahili cha nyumbani, nikimwita Yaya kama mkubwa wangu:

"Yaya Kalenga, ni bankambo njo balikuambia vile, ao ni weye ulifikiri?" Yaani, ni wazee wenyewe waliosema, au ni mawazo yake?

Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu anatoka ku soko ya Kenya, anauliza bei."

Kenya ni mtaa wetu, na kweli mama yangu anauza sombe, majani ya muhogo, pale sokoni. Nikachukua mfuko wangu. Moyoni nilishaamua: nikitoka mlango huu, masomo basi, naenda kuuza sombe.

Papa Mulongo, mwalimu wetu mzee, hakupandisha sauti. Akaniambia kwa heshima, "Mama, ikala kwanza." Nikakaa. Kisha akawageukia wengine. "Mwenye haulizake bei atakula samaki ya kuoza. Kalenga, jibu."

Kalenga akajicheka mwenyewe. "Papa, ni miye nilifikiri. Sikurudi kwao kuwasomea."

Maana desturi ya duara letu ndiyo hiyo: maneno uliyopewa na watu unawarudishia kwanza, wayasikie. Kalenga nami tukaenda Sakania pamoja. Nkambo mmoja, mjane wa reli, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Iko muzuri. Lakini miye nililia, nikamaliza. Kisha nikaanza kuuza samaki ku treni, na nilicheka sana."

Kalenga akaandika upya.

Mimi masomo sikuyafikisha mbali. Baba alipofariki, niliishia sokoni kweli. Lakini duara halikunifungia. Hadi leo, Ijumaa nafunga meza mapema, naenda.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukichukua neno la mtu, mrudishie alisikie. Wakikucheka, kaa kidogo, pengine yupo mzee mmoja anayekusikiliza. Na ukikua, uwe wewe mzee huyo.

Ukija kwenye duara, utanikuta kwenye kiti cha karibu na mlango. Nakikalia makusudi: anayetaka kukimbia atanikuta mimi kwanza. Mungu akujalie maswali, na akujalie watu wa kukaa nao.