Anxious: neno lililonifikisha Kitomanga siku mke wangu anajifungua

Wakuu salaam, na wale wa kuniamkia nimeshawaitikia marahaba humu humu.

Jana kuna kijana kauliza "anxious" maana yake nini na linatumikaje. Mmemjazia makamusi. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini hilo neno nalijua kwa shida yake. Nasimulia lilivyokuwa, chumvi sitii.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dobi wa Bwana Shauri, yaani mzungu wa boma pale Lindi. Pasi ya mkaa, kaptula nyeupe kumi na mbili kwa wiki. Alikuwa anakwenda nazo wapi zote, sijui mpaka leo.

Mke wangu Somoe alikuwa amerudi kwa mama yake Kitomanga kujifungua. Mimba ya kwanza, ndivyo tulivyofanya.

Asubuhi moja akaja mtu wa huko. "Shemeji, Somoe ana uchungu tangu juzi, mtoto hajatoka."

Nikaacha pasi, mbio kwa Bwana Shauri kuomba ruhusa. Kiswahili alikijua. Akaniuliza, "Habari za nyumbani?"

"Njema, bwana."

Sasa nyie wa pwani mnajua. Hata nyumba ikiungua unaanza na njema, ndipo unaleta "ila". Mwenzio anaisubiri hiyo ila.

Mzungu hakuisubiri. "Vizuri," akarudi kwenye makaratasi yake. Kumkatiza siwezi. Nikatoka.

Nikarudi. Habari? Njema. Nikatoka tena.

Barazani alikaa karani Issa, mtu wa Sudi, mtani kupita kiasi. Akacheka. "Wee dobi, mkeo yuko taabani unampa mtu njema? Huyu ukimpa njema anaondoka nayo."

"Sasa nianze na baya, kaka Issa? Kwetu sikulelewa hivyo."

Akanifundisha. "Sema, I am anxious. Ukimwona nyoka mbele yako, hiyo ni afraid. Nyoka akiingia uvunguni na taa huna, hujui atatokea wapi, hiyo ndiyo anxious. Na usitangulize njema."

Nikaingia mara ya tatu. Habari? Njema ilishafika kwenye meno, nikaimeza.

"I am anxious, bwana."

Akaweka kalamu, akasimama kabisa. Akaniuliza jambo kwa Kiingereza, changu kilikuwa kimeishia hapo, nikamwaga yote kwa Kiswahili. Akanipa siku nne na kunipandisha lori la serikali lililokuwa linaelekea Kilwa kupitia Kitomanga.

Njia nzima nilikuwa na yule nyoka.

Nilifika alasiri. Wanawake wamejaa uani, kuingia hawaniruhusu. Mama mkwe akatoka na kitoto kwenye kanga, cha kike, kinalia kwa hasira. Nikakaa chini pale pale.

Somoe nikamsikia ndani. "Muulizeni huyo baba, nimemwona dirishani, mbona ana shati la mzungu begani?"

Kweli wakuu. Nilikuwa nalipiga pasi, nikakimbia nalo. Bwana Shauri aliliona mara zote tatu, hakusema.

Funzo langu ni hili: jambo usilolijua mwisho wake, kwa asiyezijua desturi zako, litangulize.

Bi Somoe bado ninaye, presha inamsumbua. Wiki jana daktari kamuuliza, "Habari za afya, bibi?"

"Njema tu, mwanangu."

Daktari akafunga faili. Nikamkanyaga bibi mguu chini ya meza.

"Unanikanyagia nini, na kizunguzungu changu hiki?"

Faili likafunguliwa upya.

Haya, nani humu alishamwambia daktari njema huku anaumwa? Komenti, tuchekane.