Kiberiti cha Papa Havugimana

Ukitaka chukudu imara, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pale Katoyi mjini Goma, utaelekezwa kwa Papa Havugimana. Ukitaka mtu wa kichwa kigumu, utaelekezwa kwake pia. Tangu ujana alijisifia shimo moja la majani mabichi nyuma ya ziwa la Lac Vert, ambako yeye na rafiki yake Benny walikuwa wakitembea na kujilaza kwenye ubaridi, hata wakachonga majina yao kwenye jiwe. Kisha vita vikafunga njia, miaka na miaka, hadi mwaka huu. Wiki mbili kabla binti yake hajaolewa, akamwambia, "Bénita, mama, twende nikuonyeshe lile jiwe."

Wakaondoka alfajiri. Kwenye shamba la mwisho, mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage akawasimamisha. "Papa, siku hizi mazuku iko inapanda mule. Juzi mbuzi zangu mbili zilikufa mule. Muwashe moto kwanza, ndiyo mushuke."

Mtoto wa Goma hafundishwi mazuku. Ni hewa mbaya ya ardhini, haionekani, haina harufu. Asubuhi isiyo na upepo hulala mashimoni, na anayeinama humo haamki. Unateremsha nyasi zinazowaka. Zikizimika, unarudi kwako.

Havugimana akamcheka yule mama. "Mimi nilicheza mule zamani, wewe hujaolewa!" Kiberiti cha sigara kilikuwa mfukoni. Lakini akitoe sasa, baada ya majivuno yale, mbele ya mtoto wake? Aibu gani hiyo! Sikio la kufa halisikii dawa.

Ukingoni palikuwa kimya. Hakuna ndege, hakuna hata panzi. Havugimana akataka kusema neno, lakini Bénita alikwisha shuka. Majina yalikuwa chini kabisa ya jiwe, maana wale vijana walichonga wakiwa wamelala.

"Papa, nimeyaona!" Akainama.

"Usiiname! Bénita, simama!"

Bénita alipiga magoti, kisha akalala ubavu polepole, kama mtu aliyeshikwa na usingizi kanisani. Havugimana akajaza pumzi, akafunga mdomo, akashuka. Akamkamata kwapani, akamburuta, akateleza, akamburuta tena mpaka juu kwenye mawe. Akampiga mashavu huku analia bila kujificha. "Yesu wangu, si huyu. Si huyu!"

Ilichukua muda. Hatimaye Bénita akakohoa, akatapika, akavuta hewa.

Alipotulia, baba yake akatoa kiberiti, akawasha nyasi kavu, akazitupa shimoni. Zilizimika hewani, kabla hazijafikia jiwe.

Bénita hakutazama shimo. Alitazama kiberiti. "Papa, ulikuwa nayo tangu nyumbani?"

"Tangu nyumbani."

Akakichukua, akatangulia njia ya kurudi. Yule mama wa maharage alipowaona wamejaa vumbi, akaegemea jembe lake. "Papa, muliwasha moto?"

Havugimana akainama, akaanza kupangusa vumbi kwenye suruali.

"Tuliwasha, mama," Bénita akajibu.