Samaki wa Dimbwi la Mwisho

Kazi yangu ni kuandika ripoti za kuwavutia wawekezaji. Ofisi yetu iko katikati ya mji, lakini viwanda vyenyewe, vya ngozi, viko magharibi mwa mji. Wenye pesa siku hizi hawaanzi na faida. Wanauliza maji machafu yanaenda wapi. Basi tulikuwa na desturi: kila mgeni alipelekwa kwenye dimbwi la mwisho, pale maji yaliyosafishwa yanapotoka kwenda mtoni, akapewa mandazi awarushie samaki. Samaki wakiibuka, maneno yameisha. Niliandika kwa mkono wangu kwamba wanazaana humo.

Asubuhi moja nilitangulia wageni. Samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Ng'ambo ya ua, akina mama walikuwa wakichota maji yanayotoka humo kumwagilia sukuma wiki. Mimi ni mwoga, sijawahi kulificha hilo. Nilimpigia bosi simu palepale.

"Ongea na soja," akasema, wala hakushtuka. "Na muharakishe. Wageni wako njiani, wamefika Adams tayari."

Soja wetu wa langoni alikuwa na ndoo mbili za samaki hai.

"Kwani hukujua?" akaniuliza. "Hizi hubadilishwa kila wageni wakikuja. Zikikaa sana ni siku mbili."

Tuliwaopoa waliokufa, tukawamwaga wazima. Mikono yangu ilinuka hata baada ya kunawa kwa sabuni.

Wageni walifika pamoja na bosi. Mgeni mkuu, mama wa makamo mwenye daftari, alirusha mandazi. Samaki wakaibuka. Kisha akanigeukia mimi badala ya bosi.

"Wamekaa humu muda gani?"

Bosi aliangalia viatu vyake. Nikawaza kazi yangu na karo ya watoto watatu.

"Miaka miwili, madam."

Akaandika.

Mkataba ulitiwa sahihi. Viwanda vipya vinajengwa, na maji yake yote yatapita palepale. Juzi mmoja wa wale akina mama aliniita kwenye ua.

"Baba, ati wageni wamesifu hii maji. Ni ukweli iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Alifurahi, akanikatia fungu kubwa la sukuma, akakataa pesa. Nililibeba hadi nyumbani kwa sababu sikujua pa kulitupa bila yeye kuniona. Mke wangu akalipokea, akatoa kisu.

"Usipike hiyo," nikamwambia.

Aliniuliza kwa nini.