Kinubi Kilichofutwa Redioni

Miaka ile nilikuwa fundi wa kompyuta katika redio ndogo mjini Busia. Asubuhi zile nazikumbuka hadi leo: chai ya maziwa kwenye thamosi, honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na mama wa kipindi cha salamu akifungua kwa mlio wa adeudeu, kinubi cha Kiteso. Mpigaji alikuwa marehemu mume wake. Rekodi yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta ya studio tu.

Siku moja alibonyeza kama kawaida, likatoka tangazo la mabati. Alijikaza akamaliza kipindi, kisha akaja kwangu macho yamemjaa machozi.

"Nani ananichukia hapa?"

Niliiamuru kompyuta inionyeshe faili zote ambazo mtu yeyote angeweza kuzibadilisha. Skrini ikajaa. Nyimbo, matangazo, hata taarifa za habari, zote zilikuwa wazi kwa kila mfanyakazi. Fundi aliyenitangulia alichoka kuitwa kila saa, akafungua kila kitu. Mwenzetu wa matangazo alikuwa ameyahifadhi mabati yake kwa jina "mwanzo", jina lile lile la kinubi, na kinubi kikafutika.

"Hakuna anayekuchukia, mama," nikamwambia. "Ni sisi hatukufunga."

Akasema polepole, "Basi mzee wangu amekufa tena."

Kesho yake aliwaeleza wasikilizaji. Kabla kipindi hakijaisha, mwenye duka la simu huko Malaba akapiga simu studio. Alikuwa na desturi ya kurekodi salamu za mama ili azicheze dukani mchana. Tukaenda. Akawasha spika, kinubi kikalia, na juu yake sauti ya mama ikiwaamkia watu wa Angurai.

"Pole, mama," mwenye duka akasema. "Nimekinasa pamoja na maneno yako."

"Wacha hivyo hivyo," akajibu, akijipangusa kwa leso. "Mimi na mzee wangu tulikuwa hatujawahi kurekodi pamoja."

Tuliporudi na nakala ya rekodi hiyo, nilizifunga faili zote. Ile ya kinubi nikaiacha mikononi mwa mama peke yake. Wengine wangeweza kuicheza tu. Nikamwomba achague nywila, nikamsisitizia kwamba ni siri. Asubuhi iliyofuata nilimkuta jikoni, kikombe mkononi, akiwatajia wenzetu wote nywila yake, herufi moja baada ya nyingine. Lilikuwa jina la mumewe.