Sarafu Yenye Mkwaruzo

Tangu asubuhi Apolline hakuwa ametia kitu mdomoni. Direkteri wa shule alikuwa amemwambia waziwazi: baada ya somo la sarafu ndipo angeamua kama darasa la pili libaki naye, au likabidhiwe kwa yule mwalimu kijana ambaye wazazi walimtaka. Sasa direkteri alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye benchi ya watoto, magoti yakimfikia kifuani.

Somo la sarafu, katika Bukavu ambako hela zote ni karatasi! Apolline alikuwa ameazima za Rwanda kwa dada yake, ambaye huvuka mto Ruzizi kuuza mboga ng'ambo, Kamembe.

Alimwita Charlène mbele, akamwekea mezani ya hamsini, mbili za ishirini na ya kumi.

"Hesabu, maman," akamwambia, kama alivyowaita wasichana wake wote. "Anza na ile kubwa."

Charlène akazisogeza kwa kidole. "Makumi tano. Makumi saba. Makumi tisa." Ile ya kumi akaiinua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kando. "Makumi tisa, Madame."

"We! Umesahau ingine!" Gentil akapiga kelele kutoka benchi ya mbele. "Macho umeacha nyumbani?"

Darasa likaangua kicheko. Nyuma, kalamu ya direkteri ikaanza kukwaruza karatasi. Apolline angeisukuma tu ile sarafu, mtoto angeongeza kumi, yakaisha. Lakini Charlène hakuonekana kama mtu aliyesahau.

"Na hii?" akamuuliza.

"Iko na mukwaruzo, Madame. Hawataikamata sokoni, watairudisha." Akainamisha kichwa. "Maman yangu walimurudishia dola yake juu ya kupasuka kidogo pa kona. Siku ile hatukukula."

Kalamu ikanyamaza.

"Hata mimi niko na dola moja ya kupasuka hapa," direkteri akasema, akipapasa mfuko wa shati. "Wanaikataa kila fasi, sokoni hata dukani."

Apolline akapiga magoti mbele ya mtoto. "Karatasi ndiyo wanakataa, maman. Chuma, hata kikwaruzwe, wanakamata. Hesabu tena."

"Kweli?"

"Kweli."

Charlène akairudisha polepole. "Mia moja."

Direkteri akajinasua kwenye benchi. Mlangoni akageuka. "Wiki ijayo, Madame, uwafundishe hawa watoto wako kurudisha chenji."

Apolline alipozikusanya sarafu, ile ya kumi aliigeuza kwanza kwenye mwanga, kama alivyofanya Charlène.