Bunduki ya Komeo la Bafu

Tyubu ya baiskeli ikikatwa kwa kisu hutoa harufu kali ya mpira inayokaa kooni. Nikiisikia, namwona baba amechuchumaa jikoni kwetu mtaa wa Berea, kusini mwa Afrika, akitengeneza bunduki.

Mwaka wa 2016 nilikuwa na miaka tisa. Shuleni tuliambiwa tuje kuadhimisha Siku ya Urithi tumevaa mavazi ya watu wetu. Wenzangu Wazulu walikuwa na shanga zao. Baba, Mkikuyu aliyekuwa bawabu wa usiku katika duka la jumla mjini, akasema mimi nitavaa kama babu, aliyepigania uhuru wa Kenya msituni. Kule yeye na wenzake walishona makoti ya ngozi za wanyama. Sisi tulipata ngozi ya kondoo iliyokuwa imefunika kiti cha teksi, ikinuka sigara za dereva. Bunduki walizitengeneza wenyewe: bomba la maji, kitako cha mti, komeo la mlango la kugonga risasi, na ukanda wa mpira wa kulirusha. Baba aling'oa komeo la bafu tulilotumia pamoja na wapangaji wengine.

"Uhuru ulishapatikana, Baba Wambui," mama akasema. "Nirudishie komeo langu."

Wiki nzima tulioga tukiimba, mtu asije akatuingilia.

Nilikuwa nikiamini, na kuwaambia wenzangu, kwamba babu aliua askari wengi wa Mwingereza. Siku ya maadhimisho baba alikuja darasani moja kwa moja kutoka kazini, amevaa sare, rungu kiunoni. Mwalimu akamwuliza kama bunduki zile zilifanya kazi. Nikamkazia macho aseme ndiyo.

"Ya baba yangu ilimlipukia," alisema taratibu. "Ikamkata vidole. Hakuua mtu. Alibaki kuwashonea wenzake makoti."

"Eish, Wambui! Babu yako alijipiga mwenyewe!" mwenzangu mmoja akapaza sauti.

Darasa zima likacheka. Baba naye akatabasamu kidogo.

Mwaka uliofuata watu wenye bastola walivamia lile duka usiku, wakamwua baba akiwa na rungu lake tu. Matangani kila mtu alisema baba alikuwa shujaa. Sikulia. Niligawa chai, nikaosha vikombe.

Nimechelewa kuelewa kwa nini hakudanganya siku ile. Alijua jinsi mtu anavyopewa kitu kisichoweza kumlinda, akakishika, akaenda. Kila jioni alikuwa akitoka nyumbani akijua hivyo, na mimi siku ile darasani nilidhani anatusimulia habari za babu tu.