Msalaba wa Sita Wenye Jina Langu

Nilifunga safari kwa sababu ya kovu la uji. Jirani yangu hapa Nsemulwa, mjini Mpanda, mfanyabiashara wa maharage, alirudi kutoka Makamba, Burundi, akaniambia amenunua mzigo kwa mzee anayeitwa Salvatori, mwenye kovu kwenye sikio la kushoto. Salvatori wapo wengi. Ila kovu lile nilimtia mdogo wangu mimi mwenyewe, nilipommwagia uji wa moto tukigombea kijiko.

Nilikuwa na miaka tisa, yeye saba, mauaji ya mwaka wa sabini na mbili yalipofika kilimani kwetu, hukohuko Makamba. Wanajeshi walimchukua baba. Mama alikimbia mbele na kichanga mgongoni, mimi nikamshika Salvatori mkono. Kwenye migomba ule mkono ukaniponyoka. Mama alimtafuta siku mbili, hakumpata, tukavuka mpaka. Tukaletwa kwenye misitu ya huku Mpanda, tukaifyeka, tukalima, tukawa Watanzania. Na kila Novemba, tunapoandika kanisani majina ya marehemu wa kuombewa, jina la kwanza kwenye karatasi yangu lilikuwa lake.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi ya Mpanda, mimi na binti yangu Neema.

"Mama, na kama siye?"

"Nitanunua maharage, turudi."

Nilijitia ujasiri tu. Nilichoogopa zaidi ni kwamba ndiye, na ataniuliza kwa nini nilimwachia mkono.

Uvinza tulipita mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Tukalala Kigoma.

Kesho yake, mpakani Manyovu, nilishuka nikabaki mdomo wazi. Milima ni ileile, imelimwa mpaka kileleni, na ziwa Tanganyika linameta kwa mbali. Njia tuliyoitembea siku nyingi tukilala vichakani, leo ni ya gari, tena unasinzia. Upande wa pili ofisa aligonga muhuri kwenye pasipoti yangu.

"Karibu Burundi, mama. Unaenda kwa nani?"

Neema akasema, "Kwa mjomba."

Alasiri bodaboda zilitupandisha kilimani. Mzee mmoja alikuwa uani, anapepeta maharage. Niliona sikio kabla ya uso. Nikataja jina langu, Dafroza, binti wa nyumba hii.

Aliweka ungo chini, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na misalaba miwili ya mbao. Mmoja wa baba. Wa pili umeandikwa DAFROZA.

"Huu ni wa sita," alisema kwa Kirundi. "Mchwa wanakula, nami nachonga mwingine."

Hakukuwa na mtu chini pale, lakini palikuwa pamepaliliwa, hakuna hata jani. Mimi nilimwandika kila mwaka, naye alinichonga. Sijawahi kuona jambo kubwa kama lile, na nimeona mengi.

"Nisamehe," nilimwambia. "Nilikuachia mkono."

"Wewe? Hukuniachia. Nilijichomoa mimi, nikarudi kumfungulia mbuzi. Nimeishi nikijua ulikufa ukinitafuta."

Tulilia kama watoto wa miaka tisa na saba. Neema, ambaye Kirundi chake ni cha kuokoteza, alilia zaidi yetu.

Msalaba wangu tuliung'oa pamoja. Alitaka kuutupa. Nikamwambia mti mkavu hautupwi, tukaupikia maharage.

Nilikaa wiki mbili, nikarudi Mpanda na gunia zima, na namba yake ya simu. Majirani wananiuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba miaka zaidi ya hamsini nilidhani nabeba mzigo peke yangu, kumbe upande wa pili ulikuwa na mtu.

Novemba ilipofika nilipeleka karatasi yangu kanisani. Katekista aliisoma, akavua miwani.

"Mama Neema, mwaka huu umemsahau Salvatori."

"Sijamsahau," nikamwambia. "Nimeongea naye asubuhi. Jino linamsumbua."